Mgonjwa Aulizwe Angali na Akili Zake

 

Swali limetufikia mwezi huu kutoka kwa jamaa moja ya hapa Hamugembe. Ndugu yao anayeishi Uingereza amegunduliwa kuwa na saratani ya ubongo. Baada ya upasuaji, madaktari wamemweleza kwamba ipo tiba mpya ambayo bado inajaribiwa, na kwamba akitaka anaweza kuingia katika jaribio hilo. Habari zilipofika nyumbani, ukoo ulikaa kikao. Mmoja akasema kijana wao anataka kufanywa mnyama wa kujaribia dawa. Wa pili akasema aingie upesi, wataalamu wa huko hawakosei. Wa tatu akataka arudishwe Bukoba asomewe. Mpaka swali hili linatufikia, hakuna aliyekuwa amempigia simu mgonjwa mwenyewe kumuuliza yeye anataka nini.

Tumeona tulijibu hadharani, kwa sababu leo ni jamaa hii na kesho ni nyingine. Wagonjwa wetu hupanda meli kwenda Bugando, Mwanza, hupelekwa Dar es Salaam katika Taasisi ya MOI na ile ya Ocean Road, na wengine huvuka Mutukula kwenda Kampala, ambayo kwetu sisi wa Bukoba iko karibu kuliko Dar es Salaam. Na kote huko mgonjwa anaweza kuulizwa kama yuko tayari kushiriki utafiti.

Kwanza tujue jaribio la tiba ni kitu gani, maana hapa ndipo mazungumzo ya barazani yanapopotoka. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo waliowatoa wagonjwa wao vitandani hospitalini ili wakawahi foleni, na wapo waliofia njiani. Mnywaji hakupewa karatasi ya kumweleza madhara, wala hakulinganishwa na asiyekunywa. Alikunywa, akaondoka. Jaribio la tiba ni kinyume cha hayo. Huandikwa kabla ya kuanza: nani ataingia, nani hataingia, dawa kiasi gani, madhara gani yanatazamiwa, na lini kazi itasimamishwa ikiwa dawa inadhuru. Hapa Tanzania jaribio la dawa halianzi bila kibali cha maadili kinachosimamiwa na NIMR, na kibali cha TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 tuliijua kwa jina la TFDA. Nchi nyingine zina mamlaka zao za namna hiyo.

Lakini jaribio si ahadi ya kupona, na hili familia nyingi hazilisikii hata likisemwa mara tatu. Hatua ya kwanza ya majaribio hutafuta tu kipimo cha dawa ambacho mwili unaweza kukistahamili. Hatua za baadaye huwagawa wagonjwa kwa kura: hawa wapate tiba mpya, hawa waendelee na tiba iliyozoeleka. Mtu akiangukia kundi la pili, jamaa zake husema ametupwa. La hasha. Huyo anapata tiba bora inayojulikana mpaka sasa, na hakuna anayejua kama wenzake wa kundi jipya watafaidika au wataumia. Laiti ingejulikana, kusingekuwa na haja ya kujaribu.

Mifano ya pande zote mbili ipo katika ugonjwa huu huu. Glioblastoma ni saratani ya ubongo iliyo kali mno kwa watu wazima. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililoongozwa na daktari Roger Stupp, lililowashirikisha wagonjwa 573 katika vituo 85. Nusu yao walipewa mionzi peke yake. Nusu ya pili walipewa mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi. Walio hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 10.4 katika kundi la kwanza na asilimia 26.5 katika la pili. Dawa hiyo ikawa sehemu ya tiba ya kawaida. Kila anayeimeza leo anafaidika na watu waliokubali kupigiwa kura, na wengi wao walikwishafariki kabla hawajajua matokeo. Kisha ikaja dawa nyingine, bevasizumabu, iliyosifiwa sana. Mwaka 2014 majaribio makubwa mawili yalionyesha kwamba ilichelewesha kukua kwa uvimbe, lakini haikuwaongezea wagonjwa umri wa kuishi. Walioingia majaribio yale mawili walikuwa na matumaini yale yale ya wenzao wa 2005.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Hapo jirani Kampala, daktari Denis Burkitt wa Mulago alieleza mwaka 1958 saratani ya taya iliyokuwa ikiwaua watoto kwa kasi. Mwaka 1967 kilianzishwa kituo cha kuitibu, ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na chini ya daktari John Ziegler dawa zilijaribiwa hapo, zikiwemo za kudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa kuwa maradhi yale hufika hadi kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Wataalamu wa Marekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, daktari Charles Olweny aliiendeleza kazi. Watoto wengi duniani waliotibiwa saratani hiyo wana deni kwa watoto wa Uganda na kwa wazazi waliokaa nao wodini.

Sasa tufike kwenye shina la swali: nani mwenye kauli? Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwezi Mei 1992, ilipitisha azimio namba 67 kuhusu matibabu. Katika tiba ya kawaida, mgonjwa mwenye akili timamu hutoa idhini mwenyewe, na asiye nayo huidhinishiwa na walii wake. Ama katika utafiti, azimio limekaza zaidi. Linataka ridhaa ya mtu aliyetimia ahliya, bila kulazimishwa kama mfungwa na bila kushawishiwa kwa mali kama masikini, na halikubali utafiti ufanywe kwa asiye na ahliya au aliyepungukiwa nayo, hata kama walii ameridhia.

Tuitazame hukumu hiyo mbele ya maradhi ya ubongo. Mgonjwa wa figo anaweza kulala mwaka mzima na bado akajua anachokitaka. Mgonjwa wa ubongo anaweza kuupoteza ulimi wake, kisha kumbukumbu, kisha uwezo wa kupima jambo, na pengine ndani ya wiki chache. Sheria za nchi nyingi huruhusu mwakilishi kutia saini badala yake kwa masharti maalumu. Wapo pia wanazuoni wanaotofautisha kati ya utafiti usiomnufaisha mgonjwa na jaribio ambalo ndani yake imo tiba yake mwenyewe. Na kwa watoto kama wale wa Uganda, sisi tunauona mwelekeo huo wa pili kuwa na nguvu, kwani jaribio lile lilikuwa ndiyo tiba yao. Lakini kwa mtu mzima ambaye leo anaongea na kuelewa, hakuna haja ya kungojea mpaka tuingie katika khitilafu hiyo. Aulizwe sasa. Aulizwe pia anataka nini siku ambayo hataweza kusema, na jibu liandikwe mbele ya mashahidi na daktari wake apewe nakala.

Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika maradhi yake, watu wa nyumbani walimtia dawa kinywani kwa upande, ilhali yeye aliwaashiria wasifanye hivyo. Walidhani ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa. Alipopata nafuu aliwakemea, na akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile, isipokuwa Abbas (r.a.) ambaye hakushuhudia tendo lile. Waliofanya walikuwa watu waliompenda kuliko nafsi zao. Mapenzi yao hayakuwa hoja ya kuipita ishara ya mkono wake.

Basi jamaa wafanye nini? Waketi naye daktari anapoeleza, kwa sababu mgonjwa husikia neno "saratani" na yanayofuata hayamwingii. Waulize jaribio liko hatua gani. Nani atalipia vipimo, nauli na malazi. Akidhurika atatibiwa na nani. Na akijitoa katikati, ataendelea kupata tiba ya kawaida? Kujitoa ni haki yake wakati wowote, na haimpasi kueleza sababu. Fomu isitiwe saini siku ile ile iliyotolewa ikiwa hali inaruhusu kungojea. Na kama fomu iko kwa Kiingereza, atafutwe mtu wa kuitafsiri neno kwa neno, asiyekuwa na haja ya jibu la ndiyo wala la hapana.

Jambo la dawa za pembeni tulitaje waziwazi. Kumsomea mgonjwa Qur'ani hakupingani na jaribio lolote. Lakini mizizi, majani na unga unaomezwa vinaweza kugongana na dawa, na vikifichwa huharibu pia hesabu ya watafiti. Hatusemi habbat-sauda iachwe, tunasema isifichwe.

Kadhalika kifafa kinachomjia mgonjwa wa ubongo si lazima kiwe jini, na hasira za ghafla si lazima ziwe uchawi wa shemeji. Uvimbe wenyewe hubadili tabia. Deksamethasoni, dawa wanayopewa wengi wao ili kupunguza maji yanayojaa kandokando ya uvimbe, huongeza njaa, hufukuza usingizi na huweza kumfanya mtu mpole awe mkali. Mke wa mgonjwa wa namna hii huamka usiku mara nyingi kuliko mama wa mtoto mchanga, na mchana hulaumiwa kwamba hamtunzi mume. Anayehitaji kupumzishwa ni yeye, walau usiku mmoja kwa wiki, na dada na wifi wanaweza kupeana zamu.

Misikiti yetu ni mepesi wa kuchanga, alhamdulillah. Nauli ya meli hupatikana baada ya Ijumaa moja. Tunachoomba kamati za misikiti ni kwamba mchango usifungwe kwa sharti la uamuzi. Tumesikia wachangaji wakisema, "Tulitoa fedha aende akatibiwe, sasa mbona amekataa?" Wanazuoni wengi hawakuifanya tiba kuwa wajibu, na miongoni mwa hoja zao ni yule mwanamke mwenye kifafa ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa hiari baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, naye akachagua subira. Akiomba tu dua ya kutofunuka mwili anapoanguka, aliombewa. Mgonjwa anayekataa jaribio akarudi Hamugembe kukaa na watoto wake bado anahitaji dawa ya maumivu, chakula na gari la kumpeleka kliniki, na fedha iliyochangwa kwa ajili ya safari inafaa kutumika kwa hayo.