Saratani ya matiti: Kwa nini aina ya uvimbe huamua tiba

Kila ifikapo Oktoba, kampeni za saratani ya matiti huwahimiza wanawake wajichunguze na wafike hospitali mapema. Lakini baada ya uvimbe kugunduliwa lipo swali jingine, na jibu lake ndilo linaloamua matibabu: je, ni saratani ya matiti ya aina gani?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na ugonjwa huo mwaka 2022, na watu 670,000 walifariki dunia. Wote hawakuugua kitu kimoja.

Aina tatu kuu

Maabara huchukua kipande kidogo cha uvimbe na kutafuta vitu vitatu: vipokezi vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na protini iitwayo HER2.

Nchini Marekani, takriban wagonjwa 7 kati ya 10 wana uvimbe unaotegemea homoni bila HER2 kuzidi. Hawa husaidiwa na vidonge vya bei nafuu kama tamoksifeni, vinavyomezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Kundi la pili lina HER2 kupita kiasi, na dawa yake, trastuzumabu, ni ghali. Kundi la tatu, linaloitwa hasi tatu, halina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Hukua haraka, huwapata zaidi wanawake vijana, na tegemeo kuu la tiba yake ni kemotherapi.

Hali ikoje Afrika?

Kwa muda mrefu imesemwa kuwa saratani ya wanawake wa Kiafrika ni ile ya hasi tatu. Takwimu haziungi mkono kauli hiyo ya jumla. Utafiti mmoja ulikuta aina hiyo kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliochunguzwa Ghana, lakini kwa takriban asilimia 15 tu Ethiopia. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta ni karibu mgonjwa mmoja kati ya watano, na wengi wao walikuwa na vipokezi vya homoni.

Tofauti hiyo inahusishwa kwa sehemu na nasaba, na ndiyo maana Wamarekani weusi, ambao wengi asili yao ni Afrika Magharibi, hupata aina hiyo karibu mara mbili ya Wamarekani weupe. Umri nao una nafasi yake: nchi zenye watu wengi vijana huwa na wagonjwa wengi vijana.

Kosa linaloanzia kwenye chupa

Sababu nyingine haipo mwilini mwa mgonjwa. Kipande cha uvimbe kikichelewa kutiwa kwenye formalini, vipokezi huharibika na majibu husomeka hasi. Mwanamke ambaye angesaidiwa na kidonge cha kila siku huandikwa kuwa hafai kukipewa.

Mpango wa WHO uliozinduliwa mwaka 2021 unataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kipimo cha vipokezi ni sehemu ya uchunguzi huo. Kwa hiyo mgonjwa, au ndugu anayemsindikiza, ana haki ya kumuuliza daktari kabla tiba haijaanza: majibu ya vipokezi yanasemaje?