Mlima Hupimwa Kuanzia Wapi?

Mwulize mwanafunzi wa sekondari mlima mrefu kuliko yote Amerika ya Kusini, naye atajibu bila kusita: Aconcagua, mita 6,961. Mwulize Everest, atataja mita 8,849. Kisha mwulize mwanafunzi huyo huyo, aliyezaliwa Sumbawanga, urefu wa milima ya Mbizi iliyo jirani na mji wake. Atacheka, kwa kuwa ameaminishwa kwamba Ufipa haina mlima unaostahili kutajwa. Kicheko hicho ni kasumba, na kasumba hiyo hupandwa darasani.

Jedwali la milima ya dunia huficha swali moja: kuanzia wapi? Desturi ni kupima kutoka usawa wa bahari. Kipimo hicho ni halali, lakini si cha pekee. Mauna Kea, katika visiwa vya Hawaii, una mita 4,207 juu ya bahari. Ukipimwa kutoka shina lake lililo chini ya maji, hupita mita 9,000 na kuushinda Everest. Everest wenyewe, kwa upande wa kaskazini, umebebwa na uwanda wa Tibet unaopita mita 4,000. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, huinuka peke yake kutoka tambarare za Moshi zisizofika hata mita 1,000.

Sasa na tuipime Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Basi mtoto aliyeketi darasani Sumbawanga yuko juu kuliko Mwingereza aliyesimama kileleni kwao! Tena, sakafu ya Ziwa Tanganyika, penye kina kirefu zaidi, iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, na vilele vya Mbizi hupita mita 2,300 juu yake. Tofauti ni zaidi ya mita 3,000.

Wapo watakaosema kwamba tunajitafutia sifa. La, hasha! Sifa ya mita ni tupu. Urefu ndio unaoeleza baridi ya Ufipa na ngano inayostawi huko. Katika uwanda huo wenye nyasi nyingi na miti michache, wazee wetu walibuni intumba, yaani matuta ya mviringo yanayofukia nyasi zioze na kurutubisha udongo. Hiyo ni elimu iliyozaliwa na mwinuko. Na msitu wa Mbizi ndio unaohifadhi vyanzo vya maji ya mji. Je, kijana aliyefundishwa kuidharau milima hiyo atauzuia moto usiuteketeze msitu wake?

Walimu hawana budi kulianza jedwali hilo kutoka uwanja wa shule. Mwanafunzi aijue kwanza Mbizi, kisha Kilimanjaro, ndipo aende Everest. Mkataa kwao ni mtumwa, hata akikariri vilele vyote vya dunia.