Maoni Yetu: Paa la Zamani Lisivunjwe kwa Nyundo

Sisi tulioko ughaibuni tuna ndoto inayofanana: kuibomoa nyumba ya zamani ya wazee na kusimamisha ya kisasa mahali pale pale. Fedha zinatumwa, ndugu aliyeko nyumbani anatafuta mafundi, na baada ya siku chache picha zinaingia kwenye simu. Kuta zimelala, paa limegeuka kifusi, na watoto wa jirani wanacheza juu yake. Tunafurahi kwa sababu kazi imeanza. Leo tunaomba tukitazame vizuri kifusi hicho.

Majengo mengi ya zamani Afrika Mashariki, yakiwemo shule, ofisi, kota za watumishi na nyumba za watu binafsi, yaliezekwa kwa asbesto. Ni yale mapaa mazito ya saruji, ya rangi ya kijivu, yenye mawimbi kama bati. Ndani ya saruji hiyo mna nyuzi za madini ya asbesto. Paa likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Likipigwa nyundo au kukatwa kwa msumeno, nyuzi hizo hutoka kama vumbi laini lisiloonekana kwa macho, huingia mapafuni na kubaki humo.

Matokeo yake ni kovu la mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyazunguka mapafu. Hii ya mwisho karibu kila mara huletwa na asbesto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa asbesto waliyoivuta kazini. Ugonjwa huu hauna haraka. Unaweza kuchukua miaka 20, 30 hata 40 kujitokeza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na hapa maneno yao yanatimia kabisa: kijana anayevunja paa leo huenda akaanza kukohoa akiwa na wajukuu, wala hakuna atakayekumbuka nyumba ile.

Sisi tunaoishi Uingereza tunaona hali ilivyo huku. Asbesto ya buluu na ya kahawia zilipigwa marufuku mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Hata hivyo, kila mwaka watu wapatao 5,000 bado hufariki kwa magonjwa yatokanayo na asbesto, wengi wao wakiwa mafundi wa zamani. Wamo pia wanawake ambao hawakukanyaga kiwandani wala kwenye ujenzi: walifua tu nguo za kazi za waume zao. Ndiyo maana huku jengo la zamani halibomolewi kabla ya kukaguliwa kama lina asbesto.

Nyumbani nako sheria zipo. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na baadaye mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa mwongozo wa kuiondoa na kuizika kwa usalama. Tanzania ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayogusa taka hatarishi. Lakini sheria haipandi ngazi kumzuia fundi. Mwenye uwezo wa kumzuia ni yule anayemlipa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, kwani wazee wameishi chini ya mapaa hayo na hawakudhurika. Tunawajibu kwamba wazee waliishi chini ya paa zima, hawakulivunjavunja. Wengine watasema ni gharama. Ni kweli, gharama ipo, na iingizwe kwenye bajeti kama saruji na nondo. Anayeweza kulipia vigae na madirisha ya alumini hashindwi kulipia usalama wa fundi wake.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha za kubomoa, tuulize paa ni la aina gani. Kama ni asbesto au kuna shaka, kazi isimame mpaka mamlaka ya mazingira iulizwe na wapatikane watu waliofunzwa. Paa linaloweshwa maji, misumari ikafunguliwa na vipande vikashushwa vizima, halitoi vumbi kama lile la nyundo. Vipande vifungwe kwenye plastiki nene na kupelekwa kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Visitupwe jalalani, visisagwe kujazia njia, visiezekee banda la kuku. Kitambaa puani hakitoshi, na nguo za kazi zisiende nyumbani kwa mama watoto.

Tunajenga ili ndugu zetu waishi vizuri. Fundi anayetujengea naye ana watoto wanaomsubiri jioni. Tusimlipe ujira wa siku moja kwa maradhi ya uzeeni.