Ushirikiano wa Dini Uanzie Kazini

Kila unapofanyika mkutano wa viongozi wa dini hapa Visiwani, hotuba huwa nzuri, picha hupigwa, chai hunywewa, kisha kila mmoja hurejea kwake. Hatuulaumu mkutano. Tunalosema ni kwamba umoja wa maneno matupu haujapata kumfaa mtu aliye taabuni, na historia ya madhehebu ya Kikristo katika Afrika Mashariki ni ushahidi wa jambo hilo.

Mapadre wa Kikatoliki walifika Unguja mwaka 1860. Waanglikana wa misheni ya UMCA wakafuata mwaka 1864. Pande zote mbili ziliwapokea watumwa waliokombolewa, zikawafunza kusoma na kazi za mikono. Hata hivyo kila upande ulikuwa na skuli yake na kanisa lake. Baadaye, misheni zilipoenea bara, zikifuatana na ukoloni, ziligawana nchi kama wafanyabiashara wagawanavyo soko. Mtoto alihesabiwa wa dhehebu fulani kwa sababu tu kijiji chake kiliangukia upande huo. Ugomvi uliozaliwa Ulaya katika karne ya 16 ukarithiwa na watu ambao babu zao hawakuwahi kuusikia.

Wapo waliotaka kuuondoa mgawanyiko huo. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika nchi ambayo leo ni Kenya, kutafuta shirikisho la makanisa yao. Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda waliliunga mkono, na mwisho wa mkutano wajumbe wakashiriki meza moja ya Bwana katika kanisa la Waskochi. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, hakustahimili. Aliwashitaki maaskofu wenzake hao wawili mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kosa la uzushi, na mzozo huo ukaitikisa Uingereza.

Weston hakuwa adui wa Waafrika. Mwaka 1920 alipinga hadharani kazi za kulazimishwa zilizokuwa zikitwishwa wananchi wa Kenya. Hoja yake ilikuwa kwamba imani haiunganishwi kwa azimio la mkutano wakati misingi yake bado inabishaniwa. Shirikisho lililokusudiwa likakwama. Lakini mwaka 1918 baadhi ya misheni hizo ziliunda umoja wa kazi, na mwaka 1926 ikafunguliwa Alliance High School pale pale Kikuyu. Lililoshindikana madhabahuni likawezekana darasani.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, kwa kuwa ni wa lugha yetu. Kwa miaka mingi Wakristo wasemao Kiswahili hawakuwa na Biblia moja. Ya Unguja ilikamilika mwaka 1891, ya Mombasa mwaka 1914, na ya Walutheri wa Kijerumani mwaka 1937, ambayo mfasiri wake alijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Ndipo kazi ya Unguja na ya Mombasa zikaunganishwa, na mwaka 1952 ikatoka Biblia ya pamoja. Katika miaka ya 1990 Wakatoliki nao wakaingia, ikatolewa tafsiri ya Habari Njema.

Katika kazi hiyo Waislamu wana fungu lao. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, ameandika katika utangulizi wa kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870 kwamba Sheikh Abdul Aziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Sheikh hakutanasari, wala Steere hakusilimu. Kila mmoja alibaki na itikadi yake, na Kiswahili kikapata faida.

Tusidanganyane kwamba sisi hatuna la kujifunza. Mwezi Novemba 2012 katibu wa Mufti alimwagiwa tindikali hapa Unguja. Mwezi Februari 2013 padre wa Kikatoliki aliuawa kwa risasi siku ya Jumapili, alipokuwa akienda kuongoza ibada. Damu ilipomwagika, viongozi wa pande zote waliitwa mezani kwa haraka. Ni maoni yetu kwamba meza hiyo haina budi kuwekwa mapema, wakati hakuna anayelia.

Wakuu wa wilaya na masheha wawaite viongozi wa misikiti na wa makanisa pale panapochimbwa kisima, panaposafishwa mitaro kabla ya masika ili kuzuia kipindupindu, na pale vijana wanapoangamia kwa dawa za kulevya. Iandikwe nani atatoa nini, na hesabu zisomwe mbele ya wananchi. Waliochimba kisima pamoja hawachochewi kwa urahisi na mtu aliyekuja jana na uvumi wake.

Wenye dini nao wana wajibu. Mgonjwa asiulizwe dini yake mlangoni mwa zahanati, wala mwanafunzi asibaguliwe kwa jina lake. Msaada usifanywe chambo: maskini asinunuliwe imani yake kwa gunia la mchele. Haya tunayaambia madhehebu ya Kikristo, na tunaziambia vilevile jumuiya zetu za Kiislamu, kwa kuwa haki haina upande.

Hatumtaki mtu yeyote aache itikadi yake au aifiche. Weston alikuwa na haki ya kuilinda yake, na Sheikh Abdul Aziz aliilinda yake bila ya kumfukuza mgeni aliyekuja kutafuta elimu. Tunalolitaka ni kazi, na kazi ipo tele Unguja na Pemba. Wenye dhamana waigawe, na wenye dini waipokee.