Maji ya sayari za mbali na mawe yaliyoanguka Mbale

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, Ijumaa ya tarehe 14 Agosti 1992, mngurumo mkubwa ulisikika juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Kwa wakazi wa Malukhu na mitaa jirani, ambako radi zitokazo upande wa mlima Elgon si jambo geni, mngurumo huu haukutoka mawinguni. Jiwe kutoka angani, ambalo huenda lilikuwa na uzito wa takriban tani moja, lilipasuka kabla ya kufika ardhini, na vipande vyake vyenye ganda jeusi vikatawanyika katika eneo lenye upana wa kilomita tatu na urefu wa kilomita saba. Kijana mmoja aligongwa kichwani na kipande cha gramu chache ambacho mwendo wake ulikwisha kupunguzwa na majani ya mgomba. Hakuumia.

Mwaka huohuo, miezi michache kabla, wanaastronomia wawili, Aleksander Wolszczan na Dale Frail, walikuwa wametangaza kuwapo kwa sayari zinazoizunguka nyota nyingine mbali na jua letu. Hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kuthibitishwa. Leo idadi ya sayari za namna hiyo zinazojulikana imepita 5,000, na swali linaloulizwa juu ya kila mpya ni lilelile: je, ina maji?

Habari za maji ya mbali huja mara kwa mara, na mara nyingine hurudi zilikotoka. Mfano ulio bora ni sayari iitwayo K2-18b, iliyo umbali wa miaka ya nuru 124, yaani umbali ambao mwanga wenyewe huchukua miaka 124 kuukata. Mwezi Septemba 2019 vyombo vya habari duniani vilitangaza kuwa darubini ya anga ya Hubble imeona mvuke wa maji katika angahewa yake. Miaka minne baadaye darubini ya James Webb, yenye macho makali zaidi, iliitazama sayari hiyohiyo na kukuta gesi ya methani pamoja na kaboni dayoksaidi, lakini mvuke wa maji haukuonekana waziwazi. Alama iliyosomwa kuwa ni ya maji yaelekea ilikuwa ya methani.

Aprili 2025 sayari hiyo ilirudi tena kwenye vichwa vya habari. Kundi la Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilisema kuna dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa zaidi na viumbe wadogo wa baharini. Wenzao waliozipitia takwimu hizo upya hawakuridhika, na wengine walikumbusha kwamba gesi hiyohiyo imekutwa hata katika kimondo chenye mkia, mahali ambapo hakuna anayedai kuwa pana uhai.

Haifai kuwalaumu watafiti hawa kwa haraka. Hakuna mtu atakayechota ndoo ya maji K2-18b. Kinachofanyika ni kusubiri sayari ipite mbele ya nyota yake, kisha kupima ni rangi gani za mwanga zimepungua kidogo baada ya kupenya angahewa. Kila gesi humeza rangi zake. Tatizo ni kwamba rangi zinazomezwa na gesi moja huingiliana na za nyingine, na upungufu unaopimwa ni mdogo mno.

Sayari yenye jina la Kimaasai

Afrika Mashariki nayo imo katika orodha hiyo kwa jina. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali pendekezo lililotoka Kenya, na sayari iliyojulikana kama GJ 1214 b ikaitwa Enaiposha, neno la Kimaasai lenye maana ya maji mengi kama ya ziwa au bahari. Msikilizaji atalitambua kwa urahisi, kwani ndilo lililozaa jina la Naivasha. Nyota yake inaitwa Orkaria, yaani udongo mwekundu.

Jina lilichaguliwa kwa sababu wataalamu wengi walidhani kuwa sehemu kubwa ya sayari hiyo ni maji. Ila Enaiposha si mahali pa kuoga. Huizunguka nyota yake kwa muda wa siku moja na nusu hivi, na vipimo vya darubini ya Webb vilivyochapishwa mwaka huohuo wa 2023 vilionyesha joto la takriban nyuzi 280 upande wa mchana na 165 upande wa usiku, chini ya ukungu mzito unaoficha kilichomo. Maji, kama yapo, yamo katika hali ambayo samaki wa Naivasha asingeijua. Kwa hiyo kuwapo kwa maji na kufaa kwa uhai ni mambo mawili, ingawa matangazo mengi huyachanganya.

Jiwe dogo la Ivuna

Hapa ndipo mawe yanapoingia. Kama mwanga wa mbali unaweza kusomwa vibaya, jiwe lililo mkononi linaweza kukatwa, kuchomwa na kupimwa mara ya pili na ya tatu. Nalo linajibu swali la msingi kuliko lile la K2-18b: sayari hupataje maji tangu mwanzo?

Mawe ya Mbale peke yake hayatoshi kujibu. Ni ya aina ya kawaida, yaliyopikwa kwa joto kali ndani ya asteroidi yalimotoka, na unyevu mwingi yaliokuwa nao ulitoweka zamani. Jiwe lenye jibu kubwa zaidi lilianguka kusini, nchini Tanzania, tarehe 16 Desemba 1938, mahali paitwapo Ivuna katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Songwe. Uzito wake wote uliopatikana ni takriban gramu 705, pungufu ya kilo moja ya sukari. Lakini kundi zima la vimondo adimu visivyopikwa linaitwa CI duniani kote, na hiyo herufi I ni ya Ivuna.

Vimondo vya kundi hili vina maji mengi yaliyofungwa ndani ya madini yanayofanana na udongo wa mfinyanzi, na uwiano wa hidrojeni nzito na nyepesi ndani yake hauko mbali na ule wa bahari zetu. Desemba 2020 chombo cha Japani kilirudi kutoka asteroidi ya Ryugu kikiwa na gramu 5.4 tu za vumbi, na wachunguzi walipolipima waliona kuwa linafanana kwa karibu na jiwe la Ivuna. Mwaka huohuo watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba hata vimondo vingine, vilivyodhaniwa kuwa vikavu kabisa, vina hidrojeni ya kutosha kuijaza bahari ya dunia mara tatu. Ikiwa maji huja pamoja na mawe yanayoijenga sayari, basi sayari nyingi za mbali huenda zilizaliwa nayo, na suala linalobaki ni zipi zimeweza kuyatunza.

Mkoa huohuo wa Songwe una kimondo cha Mbozi, bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, ambalo watalii huenda kulitazama. Hilo lilibaki kwa sababu halibebeki. La Ivuna, lenye maji, lilibebeka: kipande chake kikubwa kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia Asilia mjini London. Vipande vya Mbale navyo vimesambaa katika makusanyo ya nchi nyingi, vingine kwa kuuzwa.

Pamoja na hayo, Mbale ilifanya jambo ambalo Ivuna haikulipata. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao kutoka Uholanzi walifika mapema, wakahoji mashuhuda na kuweka alama mahali 48 palipoangukiwa. Kipande kimoja kilipimwa siku 12 tu baada ya kuanguka, kabla ya chembe zenye maisha mafupi kutoweka. Hadi Oktoba 1993 uzito wa vipande 863 ulikuwa umeorodheshwa, na jumla ya takriban kilo 150 zilipatikana.

Haraka hiyo ndiyo thamani yenyewe. Jiwe la Ivuna limevuta unyevu wa hewa yetu kwa zaidi ya miaka 80, na vumbi la Ryugu limewafanya wanasayansi watilie shaka baadhi ya chumvi walizokuwa wakizihesabu kuwa ni za angani. Kimondo chenye maji kikianguka kesho kati ya Jinja na Mbale, atakayekiokota kwanza atakuwa mkulima au mwanafunzi, wala si mwanasayansi. Asikioshe, asikishike kwa mkono mtupu akiweza, akifunge ndani ya karatasi safi ya aluminiamu, aandike mahali na saa, kisha apeleke habari Makerere kabla mnunuzi hajafika.