Neno langu la mwaka huu: Pokea

Kila Januari najichagulia neno moja la kuniongoza. Mwaka juzi lilikuwa "Nidhamu", halikufika Februari. Mwaka jana "Akiba". Hilo tusiliongelee, jimu nisiyoenda bado inanikata kila mwezi.

Mwaka huu ni "Pokea". Bibi yuko Tanga, mimi London, na msimu wa baridi tunapishana saa tatu. Hunipigia akishasali isha, mimi niko kwenye treni natoka kazini. Nilikuwa naiacha iite, halafu namtumia meseji: niko kwenye kikao, bibi. Uongo mtupu. Naona aibu tu, ngeli zinanipiga chenga.

Wiki ya kwanza nikapokea. Nikamwambia "kiatu yangu imechanika". Alicheka mpaka akakohoa. "Changu kimechanika, mume wangu. Haya, umekula?" Nikamwambia nimekula. Baada ya dakika mbili akaniuliza tena, umekula? Mama alishaniambia kwamba bibi ameanza kusahau, ila kusikia kwa masikio yako ni kitu kingine.

Jana kapiga tena, treni imejaa, watu wananitazama. Nimekula, bibi, wali na samaki. Akauliza tena, nikajibu tena.

Nyie mwaka huu neno lenu lipi?