Hisabati Haisomwi kwa Macho

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, kama ilivyo katika wilaya nyingine za nchi yetu, wako vijana na watu wazima wanaojisomea hisabati bila ya mwalimu. Wamo waliomaliza kidato cha nne wakaangushwa na somo hilo, na sasa wanataka kurudia mtihani wakiwa watahiniwa wa kujitegemea. Wamo wakulima wanaotaka kujua mahesabu ya shamba na ya soko. Wamo pia watumishi wa serikali na walimu wanaotaka kujiendeleza. Watu hawa husifiwa mara nyingi kwa bidii yao. Lakini sifa haimfundishi mtu kugawanya sehemu kwa sehemu. Wanachohitaji ni njia iliyo sahihi, na mtu wa kuwasahihisha.

Tatizo lenyewe si dogo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, mtahiniwa mmoja tu kati ya watano, kwa makadirio, alifaulu somo la hisabati nchini. Mwaka 2023 ilikuwa kama mmoja kati ya wanne. Tena ikumbukwe kwamba kufaulu kwenyewe huanzia alama 30 kati ya 100. Maana yake ni kwamba vijana wetu walio wengi huondoka shuleni wakiwa na deni la hisabati, na walio wengi kati yao hawatakaa tena darasani. Kwa hao kujisomea si anasa, bali ni njia pekee iliyobaki.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzishwa kwa sheria, na elimu kwa njia ya posta ikawa miongoni mwa kazi zake. Tangu mwaka 1976, nchi ilipojiandaa kumwingiza kila mtoto darasani, walimu zaidi ya 35,000 walipatikana kwa mpango wa kufundisha huku wakisoma. Walisoma kwa masomo ya posta na kwa redio, wakakutana katika vituo vyao na wakufunzi. Yafaa jambo hilo la mwisho litiliwe maanani. Walijisomea, lakini hawakuachwa peke yao.

Wako wasemao kwamba hisabati ni kipaji cha kuzaliwa, na asiyejaliwa asijisumbue. Watu hao hupenda kumtaja Srinivasa Ramanujan wa India, ambaye hakumaliza chuo lakini akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Ni kweli kwamba kipaji chake kilikuwa cha ajabu. Lakini tutazame alivyosoma. Akiwa kijana wa miaka kama 16 alipata kitabu kilichojaa kanuni nyingi ambazo nyingi hazikuwa na maelezo ya kutosha, naye ikambidi azitafutie uthibitisho mwenyewe, moja baada ya nyingine. Baadaye, akiwa karani katika ofisi za bandari ya Madras, alimwandikia barua mwanahisabati Hardy wa Cambridge mwanzoni mwa mwaka 1913, akimwomba aitazame kazi yake. Hata yeye alihitaji mtu wa kumsomea na kumsahihisha. Tusipoweza kuiga kipaji chake, tunaweza kuiga mwenendo wake.

Kosa la kwanza la wanaojisomea ni kusoma hisabati kama wasomavyo gazeti. Mtu hufungua kitabu, hufuata mfano uliokwisha kufanywa, huona kila hatua ni sawa, kisha hufunga kitabu akiamini ameelewa. Kesho yake akipewa swali lile lile bila ya jibu, hukwama katika mstari wa pili. Kuufahamu mfano wa mwingine si sawa na kuweza kuufanya mwenyewe. Njia iliyo bora ni hii: soma mfano mmoja, ufunike, uandike upya tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikwama, funua mstari mmoja tu, kisha endelea. Baada ya siku tatu rudia swali hilo hilo bila ya kutazama. Baada ya wiki mbili lirudie tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kisiwe na tundu.

Kosa la pili ni kuona haya kuanzia chini. Mtu aliyeshindwa milinganyo ya kidato cha tatu huikazania milinganyo hiyo hiyo mwaka mzima, kumbe kikwazo chake ni sehemu na desimali za shule ya msingi. Nyumba haiezekwi kabla ya kusimamishwa kuta. Ajipime kwa maswali ya darasa la tano, la sita na la saba, na pale atakapokosea ndipo aanzie, hata kama ni mtu mzima mwenye cheo.

Jambo la tatu ni kuitafuta hisabati katika mazingira tunamoishi. Chukua upimaji wa ekari. Vijijini mwetu husemwa kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Ekari kamili ni karibu mita za mraba 4,047, na ili hatua 70 kwa 70 zitoe kiasi hicho, kila hatua haina budi iwe na urefu wa sentimita 91 hivi. Sasa ikiwa mpimaji ana hatua ya sentimita 75, hatua zake 70 ni mita 52.5, na shamba lake ni mita za mraba 2,756 tu. Hatua imepungua kwa chini ya moja ya tano, lakini shamba limepungua kwa karibu theluthi nzima. Aliyekodi shamba hilo amelipia ekari na kupata theluthi mbili. Kijana akilipima shamba hilo kwa kamba na kuandika hesabu zake, hatasahau tena maana ya kipeo cha pili.

Au chukua gunia la maharage. Sheria haikubali gunia kuzidi kilo 100, lakini lumbesa haijaisha. Mkulima aliyejaza kilo 120 na kulipwa kilo 100, je, amepoteza moja ya tano au moja ya sita ya mali yake? Mnunuzi amejiongezea moja ya tano juu ya kile alicholipia, na mkulima amepoteza moja ya sita ya kile alichovuna. Anayeweza kueleza kwa nini majibu hayo mawili yote ni sahihi amekwisha kuielewa asilimia.

Kipo pia kikwazo cha lugha. Mtoto wa Kasulu husikia Kiha nyumbani, hufundishwa hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana nayo kwa Kiingereza katika sekondari. Wengi hushindwa swali kabla ya kufika kwenye tarakimu. Anayejisomea na awe na daftari dogo la istilahi, akiandika mzingo, eneo, kipeuo cha pili, asili na kiasi, pamoja na majina yake ya Kiingereza, na mfano mmoja kwa kila neno.

Vitabu navyo vinapatikana kuliko zamani. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha majibu mazuri na mabaya na sababu za makosa. Mwalimu mwenye simu na afunguliaye kijana taarifa hizo humsaidia kuliko anayempa mawaidha ya saa nzima.

Lakini kitabu hakimwambii msomaji kwamba amekosea mstari wa nne. Hapa ndipo walimu na watumishi wanapohusika. Madarasa yetu mengi hukaa matupu jioni. Kwa nini kila kata isiwe na chumba kimoja kinachofunguliwa jioni mbili kwa wiki, chenye ubao, chaki na mtu mmoja wa kutazama madaftari? Itasemwa kwamba walimu wa hisabati ni wachache na wamechoka. Ni kweli. Lakini mtu huyo hatakiwi kufundisha somo zima. Anatakiwa kutazama njia aliyopita mwanafunzi, na kumwonyesha alipopotea. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kusahihisha sehemu. Mhasibu wa halmashauri anaweza kusahihisha asilimia na riba. Afisa ugani anaweza kusahihisha maeneo. Kasulu ina vyuo viwili vya ualimu, cha Kasulu na cha Kabanga, na wanachuo wake watapata humo mazoezi yasiyopatikana katika vitabu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Kibondo na Kasulu navyo vinaweza kuwa vituo vya kuanzia. Sharti moja lizingatiwe: jambo hili lisigeuzwe kuwa masomo ya kulipia, kwani hapo wenye shida zaidi ndio watakaobaki nje ya mlango.

Kijana anayekaa na koroboi usiku akipambana na milinganyo amekwisha kutimiza sehemu yake. Iliyobaki ni yetu tuliokwisha kusoma. Ndugu walimu na watumishi, tufungue milango, tushike kalamu nyekundu, tuyatazame madaftari yao.